Modemu Ipi Itapokelewa na Laini ya Nyumbani?

Modemu ni kifaa kinachogeuza data kuwa ishara zinazoweza kusafiri katika waya, katika uzi wa kioo au hewani, na kisha kuzigeuza ishara zinazorudi kuwa data tena. Ruta, kwa upande wake, huuchukua muunganisho huo mmoja na kuugawa kwa simu, kompyuta na televisheni za nyumba nzima. Katika vifaa vingi vinavyouzwa leo kazi hizo mbili zimo ndani ya kasha moja, na kwa sababu hiyo mnunuzi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa mtaa wa Luthuli jijini Nairobi huulizia ruta tu, naye muuzaji humwonyesha kasi ya Wi-Fi iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kasi hiyo inahusu sehemu ya ruta peke yake. Haisemi lolote kuhusu upande wa pili wa kifaa, ule unaopaswa kusikilizana na mtandao wa kampuni, na hapo ndipo fedha za wanunuzi wengi hupotea: kifaa kinawaka, taa zinamulika, jina la Wi-Fi linaonekana kwenye simu, lakini intaneti haipatikani.

Hoja inayotetewa katika safu hii ni kwamba uoanifu wa modemu na laini ya nyumbani hauwezi kusomwa kwenye kifaa pekee, kwa kuwa sehemu yake moja ni ya kifizikia, nyingine ni ya viwango vya kiufundi, na nyingine, ambayo huzungumzwa kidogo kuliko zote, ni ya ruhusa. Modemu inaweza kutimiza masharti mawili ya kwanza kikamilifu na bado ikakataliwa kwa sababu namba yake haimo katika orodha ya mtoa huduma. Kwa hiyo anayetafuta modemu inayofaa hana budi kuanzia kwenye ukuta wa nyumba yake, kwa kuuliza ni njia gani inayoleta intaneti pale, na kwa masharti gani, kabla ya kuuliza bei ya kifaa chochote.

Baadhi ya njia hazihitaji maelezo marefu. Waya wa shaba wa simu ya mezani, ambao kampuni ya simu ya Tanzania, TTCL, iliutumia kwa miaka mingi kuwafikishia wateja intaneti, hutumia teknolojia iitwayo ADSL, ambayo toleo lake la ADSL2+, lililoidhinishwa mwaka 2003, lina kikomo cha takriban megabiti 24 kwa sekunde, kikomo kinachopungua kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu. Kebo koaksia, yaani ule waya mnene wa duara unaofanana na wa antena ya televisheni, ambao kampuni ya Zuku iliusambaza katika mitaa mingi ya Nairobi, hudai modemu ya kiwango cha DOCSIS. Toleo la 3.0 la kiwango hicho ni la mwaka 2006 na la 3.1 ni la mwaka 2013, na hata ndani yake kuna tofauti kati ya vifaa vya Marekani, vinavyotumia chaneli zenye upana wa MHz 6, na vya Ulaya, vinavyotumia MHz 8. Kuhusu setilaiti, huduma ya Starlink, iliyofika Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai mwaka huohuo, imefuta swali hili kwa mkato, kwa kuwa sahani yake ndiyo modemu, haitengenezwi na mwingine yeyote, na mteja anaweza kubadilisha ruta iliyo nyuma yake tu.

Zinazobaki ni redio na nyuzi za kioo, na hizo ndizo njia zinazoleta intaneti katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki zenye huduma ya kudumu.

Modemu ya redio, inayotumia kadi ya simu na minara ileile ya simu za mkononi, ndiyo inayonunuliwa kwa urahisi zaidi na ndiyo inayokosewa mara nyingi zaidi. Teknolojia ya 4G haina masafa mamoja duniani. Ina makumi ya bendi, na kila bendi ni kipande cha masafa kilichopewa namba, ambamo sehemu moja hutumika kwa mawasiliano kutoka mnarani kuja kwenye kifaa na nyingine kwa mawasiliano yanayorudi mnarani. Bendi ya 3, iliyo kwenye MHz 1800, imeenea sana katika Afrika Mashariki, Ghuba na Ulaya. Safaricom ya Kenya, iliyoanzisha 4G Desemba 2014, huitumia pamoja na Bendi ya 20 ya MHz 800. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyanadi masafa ya MHz 700 mwaka 2018, kisha Oktoba 2022 ikaendesha mnada mwingine uliojumuisha MHz 700, 2300, 2600 na 3500. Masafa ya chini kama 700 na 800 husafiri mbali na hupenya kuta vizuri, ilhali ya juu kama 2600 na 3500 hubeba data nyingi lakini huchoka haraka, na kwa sababu hiyo modemu inayokosa bendi moja tu inaweza kufanya kazi vyema Mikocheni, jijini Dar es Salaam, na kushindwa kabisa katika kijiji kinachotegemea mnara mmoja wa mbali.

Kosa linalowagharimu watu wengi linatokana na kuyasoma masafa kwa namba ya MHz badala ya namba ya bendi. Modemu iliyotumwa na ndugu aishiye Marekani huenda ikaandikwa kwamba inatumia MHz 700, na mpokeaji wa Dodoma akafurahi kwa kuwa amesikia mtandao wake unatumia MHz 700. Hata hivyo, 700 ya Marekani ni Bendi ya 12, ambamo mnara huzungumza kati ya MHz 729 na 746, au Bendi ya 13, ambamo mnara huzungumza kati ya 746 na 756. Katika Bendi ya 28, ambayo ndiyo mpangilio wa MHz 700 unaotumika katika sehemu hii ya dunia, mnara huzungumza kati ya 758 na 803. Kifaa na mnara vinaitana kwa jina moja, lakini kila kimoja kinasikiliza mahali ambapo mwenzake hayupo. Hali ya MHz 2100 inatatiza zaidi, kwa sababu Bendi ya 1 na Bendi ya 4 ya Marekani zinashirikiana katika sehemu ya kushuka, inayoanzia MHz 2110, lakini zinatofautiana katika sehemu ya kupanda: ya kwanza hurudisha mawimbi kuanzia MHz 1920 na ya pili kuanzia 1710. Kifaa chenye Bendi ya 4 pekee kingeweza kuyapokea mawimbi ya mnara wa Bendi ya 1 lakini hakina masafa ya kuujibu.

Vifaa vinavyoletwa kutoka Muscat au Dubai huwa na nafasi nzuri zaidi ya kukubaliana na minara ya Mombasa, Unguja au Tanga, na hilo lina sababu ya kitaasisi. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeigawa dunia katika kanda tatu za masafa, na Afrika, Ulaya na nchi za Kiarabu za Ghuba zimo katika Kanda ya 1, wakati mabara ya Amerika yamo katika Kanda ya 2. Modemu ya Ghuba yenye Bendi za 3, 7, 20 na 28 imetengenezwa kwa mazingira yanayokaribiana sana na ya pwani ya Afrika Mashariki. Hata hivyo hatari yake ni nyingine: vifaa vinavyouzwa na kampuni za simu, huko Ghuba na hapa nyumbani vilevile, aghalabu hufungwa visipokee kadi ya kampuni nyingine, na mafundi wanaovifungua kwa kubadilisha programu yake ya ndani wakati mwingine hukiacha kifaa kikiwa hai lakini bila uwezo wa kupokea masasisho ya usalama. Mnunuzi makini hutia kadi yake mwenyewe ndani ya modemu akiwa bado dukani, na hatoi fedha mpaka ukurasa umefunguka.

Kuna pia suala la daraja la kifaa, ambalo watengenezaji huliandika kwa kifupi cha Cat. Modemu ya Cat 4 hufika megabiti 150 kwa sekunde kwa kutumia bendi moja kwa wakati; ya Cat 6 hufika 300 kwa kuunganisha bendi mbili kwa pamoja. Namba hizo ni za maabara, lakini tofauti yake huonekana jioni, wakati bendi moja imejaa watumiaji na nyingine ina nafasi. Katika 5G jambo hili huwa zito zaidi, kwa kuwa mitandao mingi ya 5G ilianza kwa mfumo unaotegemea 4G kama nanga: kifaa hujisajili kwanza kwenye bendi ya 4G na kisha huongezewa bendi ya 5G. Modemu yenye bendi n78 ya 5G, inayoanzia MHz 3300 hadi 3800, haitaiona 5G ya mtandao wa aina hiyo iwapo haina uwezo wa kuiunganisha n78 na bendi mahususi ya 4G ambayo kampuni imeichagua kuwa nanga. Orodha ya bendi haitoshi hapa; inahitajika orodha ya miunganiko ya bendi, nayo huwa ndani ya waraka wa kiufundi ambao wauzaji wachache huwa nao.

Ruhusa katika upande wa redio hutegemea namba ya IMEI, yenye tarakimu 15, inayokitambulisha kila kifaa kinachotumia kadi ya simu. Tanzania ilizima vifaa vyenye IMEI bandia Juni 2016, na tangu wakati huo mnunuzi ameweza kuhakiki namba hiyo kwa kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Uhakiki huo unahusu modemu sawasawa na unavyohusu simu, jambo ambalo husahaulika kwa kuwa modemu haina kioo cha kubonyezea *#06# ili namba hiyo ionekane. Namba yake huchapishwa kwenye kibandiko cha chini ya kasha au ndani ya sehemu ya betri. Juu ya uhakiki huo wa serikali, baadhi ya watoa huduma hufunga kifurushi cha nyumbani na IMEI ya kifaa walichokiuza wenyewe, au hata na mnara mmoja, kiasi kwamba kadi ikihamishiwa modemu nyingine iliyo bora zaidi kifurushi hukoma. Mteja anayefikiria kununua modemu ya bei kubwa kwa ajili ya kifurushi cha aina hiyo anapaswa kupata jibu la swali hili kwa maandishi kwanza.

Nyuzi za kioo, ambazo wengi huziita faiba, huonekana kuwa njia rahisi kwa sababu fundi wa kampuni huja na kila kitu. Ugumu huanza kifaa kinapoungua kwa radi, au mteja anapohama kampuni huku kifaa cha zamani kikiwa bado kizima juu ya kabati. Mitandao mingi ya faiba ya majumbani hutumia kiwango cha GPON, ambamo uzi mmoja unaotoka kwenye kituo cha kampuni hugawanywa kwa vioo visivyotumia umeme na kuhudumia nyumba 32 au 64, hadi umbali wa kilomita 20. Data hushuka kwa jumla ya gigabiti 2.488 kwa sekunde ikibebwa na mwanga wa nanomita 1490, na hupanda kwa gigabiti 1.244 kwa mwanga wa nanomita 1310. Kiwango kipya zaidi, XGS-PON, hushusha kwa nanomita 1577 na hupandisha kwa 1270, na kingine cha siku nyingi, EPON, kina mpangilio wake wa data usiofahamiana na GPON kabisa ingawa mwanga unakaribiana. Vifaa vya viwango hivi vitatu vinaweza kuwa na umbo moja, rangi moja na jina la mtengenezaji mmoja, huku kila kimoja kikiwa bubu mbele ya mtandao wa mwingine.

Kifaa cha nyumbani katika mfumo huu, ambacho wahandisi hukiita ONT, hakifanyi kazi mpaka kituo cha kampuni kikitambue, na utambuzi huo hutegemea namba yake ya utengenezaji. Namba hiyo ina herufi nne za mtengenezaji zikifuatiwa na tarakimu na herufi nane: HWTC kwa Huawei, ZTEG kwa ZTE, ALCL kwa vifaa vilivyorithiwa na Nokia kutoka Alcatel-Lucent. Kibandiko cha baadhi ya vifaa vya Huawei huiandika namba nzima kwa alama 16 zinazoanza na 48575443, na mteja anayeisomea kampuni kwa simu hushangaa kuambiwa kwamba namba yake haionekani, kumbe tarakimu hizo nane za mwanzo ni HWTC ileile ikiwa imeandikwa kwa mfumo wa hesabu wa kompyuta, ambamo 48 ni H, 57 ni W, 54 ni T na 43 ni C. Mhudumu asiyelijua hili huandika namba isiyo sahihi, kifaa kinakataliwa, na mteja anaambiwa anunue kingine.

Hata usajili ukikubaliwa, mwanga wenyewe una masharti. Nguvu yake hupimwa kwa dBm, kipimo ambacho katika mazingira haya husomeka katika namba hasi, na ONT ya daraja linalotumika sana huhitaji mwanga ulio kati ya −8 na −27. Ukipungua zaidi ya hapo, intaneti hukatika na kurudi. Kiungio cha kijani na cha buluu havibadilishani, ijapokuwa vinaingiana vizuri: ncha ya uzi katika kiungio cha kijani imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8 ili mwanga unaorudi nyuma usirejee kwenye chanzo chake, ilhali ile ya buluu imesawazishwa. Vikikutanishwa hubaki mwanya mdogo kati ya vioo hivyo viwili, mwanga mwingi hupotea hapo, na lawama huangukia modemu mpya ambayo haina kosa.

Kwa nyumba nyingi za faiba, suluhisho la busara ni kukiacha kifaa cha kampuni kifanye kazi ya modemu peke yake na kuweka nyuma yake ruta ya mteja mwenyewe. Kampuni hubadilisha kifaa chake kuwa katika hali ya daraja, yaani kinapitisha data bila kuigawa, na ruta ya mteja hupokea jina na nywila ya muunganisho, pamoja na namba ya VLAN, ambayo ni alama inayotenganisha data ya intaneti na ya televisheni au simu ndani ya uzi uleule. Kwa mpangilio huu mteja huchagua Wi-Fi aipendayo bila kugusa sehemu inayohitaji ruhusa. Kinachopaswa kuangaliwa ni matundu ya waya: ruta nyingi za bei nafuu zina matundu yenye kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde, na mwenye kifurushi cha megabiti 200 aliyeweka ruta hiyo katikati hulipia nusu ya huduma asiyoweza kuipata, hata kama boksi limeandikwa Wi-Fi ya 1200.

Umeme nao haupuuzwi. Vifaa vingi hutumia volti 12, lakini kimoja huhitaji ampea 1 na kingine 2, na adapta dhaifu hukifanya kifaa kijizime na kujiwasha kila Wi-Fi inapoelemewa. Pini ya duara huwa na upana wa nje wa milimita 5.5, na tundu la ndani la milimita 2.1 au 2.5, na ile yenye 2.5 huingia kwa kulegea kwenye kifaa cha 2.1, ikagusa na kuachia. Kwa nyumba zinazotumia betri ndogo za akiba wakati umeme unapokatika, vipimo hivi ni vya lazima kuhakikiwa kabla ya ununuzi.

Swali linalobaki ni la haki, na nchi nyingine zimelijibu kwa sheria. Nchini Marekani, uamuzi wa mwaka 1968 katika shauri la Carterfone uliilazimu kampuni ya simu kuruhusu vifaa vya wengine kwenye laini zake, mradi visiuharibu mtandao, na sheria iliyopitishwa Desemba 2019 imezikataza kampuni kumtoza mteja kodi ya kifaa iwapo anatumia cha kwake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 inampa mteja haki ya kutumia kifaa akipendacho, na Ujerumani, kuanzia tarehe 1 Agosti 2016, ilitamka kwamba mtandao wa kampuni unaishia kwenye soketi ya ukutani, na kwamba kampuni inapaswa kumpa mteja taarifa zote za kuunganisha kifaa chake bila kuombwa. Kampuni za faiba zina pingamizi moja lenye uzito: katika GPON nyumba zote za uzi mmoja hupeana zamu ya kupandisha data, na kifaa kibovu kinachomulika mwanga nje ya zamu yake kinaweza kuwakatia majirani wote. Pingamizi hilo linahalalisha majaribio ya vifaa kabla ya kukubaliwa. Halihalalishi kukataa kuisajili ONT ya aina ileile ambayo kampuni yenyewe huitumia, kwa sababu tu haikununuliwa kwake.

Uidhinishaji wa vifaa unaofanywa na TCRA, na ule wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, huthibitisha kwamba modemu ni salama na haivurugi masafa ya wengine, lakini kwa asili yake haumfungi mtoa huduma kuipokea. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa masharti ya leseni yasiyo na gharama kubwa: kila kampuni ichapishe bendi zake za 4G na 5G pamoja na miunganiko inayoitumia, kiwango cha faiba na rangi ya kiungio, namba ya VLAN, orodha ya ONT ilizokwisha kuzijaribu, na muda usiozidi siku kadhaa za kazi wa kuisajili namba ya mteja anayeleta kifaa kilichomo katika orodha hiyo. Taarifa hizi zote tayari ziko mikononi mwa wahandisi wa kila kampuni, kwa sababu bila hizo wasingeweza kuagiza hata modemu moja ya kuwagawia wateja wao.